Safari ya Shauri la Dawa za Kulevya Ngara na Biharamulo

Barabara ya Rusumo, wilayani Ngara, hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, hupitisha mizigo ya Rwanda na Burundi. Mtu akikamatwa humo akisafirisha bangi au mirungi, hushtakiwa kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu yaweza kufikia kifungo cha maisha.

Kwa kuwa usafirishaji huo ni kosa la uhujumu uchumi, Mahakama ya Wilaya haina mamlaka ya kusikiliza shauri mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka, au wakili wa Serikali aliyekasimiwa, atoe hati na ridhaa. Zikikosekana, Mahakama ya Rufani hufuta mwenendo wote, hata kama ushahidi ulikuwa mzito.

Kielelezo nacho hufungwa kwa lakiri, hutunzwa na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila makabidhiano huandikwa. Mwananchi anayeitwa kushuhudia upekuzi, mara nyingi mwenyekiti wa kitongoji, asome hati kabla ya kutia saini. Miezi kadhaa baadaye huenda akahojiwa mahakamani juu ya alichokiona, na uhuru wa mtu ukategemea jibu lake.