UZI: Kofia ya askari ni ya nani? Kutoka tarbushi ya Keya hadi bereti nyekundu

1/ Kila msimu wa siasa mjadala huu hurudi. Vijana wamekuja mkutanoni na bereti. Upande mmoja: "Hilo ni jeshi la mtu binafsi!" Upande wa pili: "Ni kofia tu, tuacheni." Nasoma sayansi ya siasa na naishi Eastlands, na naona pande zote mbili zinaruka historia. Sitataja chama wala mwanasiasa. Twende pole pole.

2/ Tuanze na tarbushi, ile kofia nyekundu yenye kishada. Miaka ya 1820 Sultani wa Uthmaniya alivunja jeshi lake la zamani, akaunda jipya na kulivalisha tarbushi. 1829 akaamuru maofisa wa serikali nao waivae. Kilemba kilikuwa kinaonyesha cheo na dini ya mtu. Tarbushi ilitakiwa kusema kitu kimoja tu: sote ni watu wa dola hii.

3/ Ikaenea Misri na Sudan. Waingereza walipotafuta askari huku kwetu miaka ya 1890, wengi wa wale wa kwanza walikuwa Wasudani waliotumikia jeshi la Misri. Wazao wao ndio Wanubi wa Kibera. 1902 vikosi vya eneo hili vikaunganishwa kuwa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliita Keya. Tarbushi ikawa sare.

4/ Sasa angalia hapa. Ofisa Mzungu alivaa helmeti ya jua, askari Mwafrika tarbushi. Miaka ile ya mwanzo askari walitembea hata bila viatu. Kwa hivyo kofia ilisema mambo mawili. Kwa raia: "Mimi ni serikali." Kwa askari mwenyewe: "Cheo chako kinaishia hapa."

5/ Vita vya Pili vya Dunia, msituni tarbushi nyekundu ni kujiuza kwa adui. Wakavaa kofia za ukingo mpana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944. Ukinunua nyama soko la Burma, jina ni la vita hivyo. Na Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza. Mtaa umebeba majina yao, lakini shuleni hatukuambiwa mengi.

6/ Bereti nayo? Ilikuwa kofia ya wachungaji wa milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Uhispania. 1924 kikosi cha vifaru cha Uingereza kikachukua nyeusi: haina ukingo wa kugonga vyuma, na haionyeshi mafuta. 1942 wanajeshi wao wa miavuli wakapewa rangi ya damu ya mzee. Majeshi mengi yaliyotoka mikononi mwa Waingereza yakarithi. Hapa kwetu, ukiona bereti nyekundu za GSU zikishuka kwa lori, hauulizi ni akina nani.

7/ Lakini wapinzani wa serikali pia waliichukua. Picha maarufu ya mpiganaji wa mapinduzi ya Kuba, iliyopigwa 1960, ina bereti. Vijana weusi wa Oakland, Marekani, walivaa nyeusi kuanzia 1966. Hapo ndipo ugomvi unatoka: kofia moja inasema "tii" na pia inasema "sitii".

8/ Jirani zetu Uganda wanajua. Bereti nyekundu ilikuwa imegeuka alama ya vuguvugu la vijana. Septemba 2019 gazeti rasmi la serikali likaitangaza kuwa vazi la jeshi, na raia akipatikana nayo anaweza kushtakiwa. Si jambo geni. Uturuki ilipiga tarbushi marufuku 1925, kofia ileile iliyolazimishwa miaka 96 kabla.

9/ Na Kenya? Kanuni ya Adhabu inakataza raia kuvaa sare ya jeshi au polisi, au vazi lenye sura ya sare hiyo. Sababu ipo, tusijifanye: majambazi wamewahi kuvaa sare wakaibia watu. Lakini neno "sura" ni pana sana. Katiba, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, na Kifungu cha 24 kinasema haki ikibanwa, iwe kwa sheria na kwa kiasi kinachofaa.

10/ Hii si nadharia tu. Nenda Gikomba, mitumba ya jungle imejaa, kofia na jaketi. Kijana ananunua kwa sababu ni nguo ngumu ya mjengo. Jioni anasimamishwa, anavuliwa, anaulizwa "umetoa wapi?" Mwenye bereti jukwaani ana wakili. Huyu wa mjengo hana.

11/ Kwa hivyo mjadala ukianza tena, usiulize tu "ni kofia ama ni jeshi?" Uliza matatu:
– Kuna beji au alama ya kikosi, ama ni rangi tu?
– Aliyevaa anajifanya askari, ama anatoa maoni?
– Sheria ikikazwa, nani atashikwa kwanza?

Hilo la tatu ndilo huwa halijibiwi kwa runinga. Jibu lako ni gani? Weka hapo chini, na matusi uache nyumbani.