Fahali Wawili Zizi Moja: Linux na Windows Katika Tarakilishi ya Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, katika tarakilishi ya nyumbani haja ya kuwaweka pamoja huzuka mara kwa mara. Mwanafunzi aliyehamia Linux, mfumo wa uendeshaji ulioasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huupata bila malipo, lakini huenda bado akahitaji programu moja au mbili zinazofanya kazi katika Windows pekee. Haja hiyo imekua tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, ilhali tarakilishi nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Makala haya yanadhamiria kufafanua njia mbili za kuiweka mifumo hiyo pamoja, na kubainisha kigezo cha kuteua mojawapo pasipo kuhatarisha kazi zilizohifadhiwa.

Mifumo kuwashwa kwa zamu

Katika njia ya kwanza, diski hugawanywa na kila mfumo hupewa sehemu yake. Tarakilishi inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB huonyesha orodha, naye mtumiaji huchagua mfumo anaoutaka. Ubora wa njia hii ni kwamba mfumo uliochaguliwa humiliki kumbukumbu yote, prosesa yote na kadi ya michoro. Kwa sababu hiyo, kazi nzito kama vile uhariri wa video na michezo ya kisasa hutendeka kwa kasi kamili.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Kwanza, mifumo haitumiki kwa wakati mmoja. Anayeandika katika Linux hulazimika kufunga kila kitu na kuwasha tarakilishi upya ili afungue faili moja tu katika Windows.

Pili, kuigawa diski yenye data ni sawa na upasuaji. Kosa dogo, au umeme kukatika katikati ya shughuli, huweza kuangamiza tasnifu ya miaka miwili. Aidha, ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, mabadiliko ya uwashaji huweza kuifanya Windows idai ufunguo wa dharura. Asiyeuhifadhi ufunguo huo hufungiwa nje ya data yake mwenyewe.

Tatu, majirani hawa huingiliana. Mnamo Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows liliwazuia baadhi ya watumiaji kuwasha Linux katika tarakilishi zenye mifumo yote miwili. Hata saa huzua mgogoro: kwa kawaida Linux huiweka saa ya maunzi kwa majira ya UTC, ilhali Windows huichukulia kuwa ni saa ya mahali. Kwa kuwa Kenya imetangulia UTC kwa saa tatu, anayetoka Linux na kuingia Windows huweza kukuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili, hadi aiagize Linux ifuate saa ya mahali.

Mashine pepe

Katika njia ya pili, Linux hubaki mwenyeji na Windows huwa mgeni ndani yake. Programu kama vile VirtualBox au KVM huiga tarakilishi nzima, na mgeni huonekana katika dirisha kama programu nyingine yoyote. Wazo hili si jipya, kwani watafiti wa IBM walilitekeleza katika tarakilishi kubwa miaka ya 1960. Baadaye prosesa ziliundwa kwa uwezo maalumu wa kulitekeleza, na KVM ikatiwa katika kiini cha Linux mwaka 2007.

Diski ya mgeni ni faili tu ndani ya diski ya mwenyeji. Hakuna haja ya kuigawa diski halisi. Mgeni akiharibika, faili hiyo hufutwa na Linux hubaki salama. Vilevile hali ya mgeni huweza kuhifadhiwa kabla ya jaribio lolote na kurejeshwa baadaye. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba hali iliyohifadhiwa katika diski ileile si nakala ya akiba: diski ikifa, vyote hufa.

Gharama ya usalama huo ni kumbukumbu, kwa kuwa mwenyeji na mgeni hula katika sahani moja. Pia kadi ya michoro anayopewa mgeni kwa kawaida ni ya kuigwa, hivyo michezo mizito humshinda. Isitoshe, Windows huhitaji leseni hata ikiwa mgeni, na leseni iliyokuja na tarakilishi huenda isiruhusu matumizi hayo.

Kigezo cha uteuzi

Mtu hujikuna ajipatapo. Windows 11 hudai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za diski. Kwa hiyo, tarakilishi yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu haina cha kugawa. Ikiwa inakidhi masharti mengine, mifumo na iwashwe kwa zamu. Yenye 8 humudu mgeni wa kazi nyepesi, na yenye 16 huwatosha wote wawili. Kisha amri ya lscpu itolewe katika Linux: VT-x au AMD-V ikitajwa, prosesa ina uwezo unaohitajika. Isipotajwa, mipangilio ya uwashaji ichunguzwe, kwani huenda uwezo huo umezimwa.

Hitimisho

Ni bayana kwamba swali la msingi linahusu kazi iliyokusudiwa. Kazi inayohitaji nguvu zote za maunzi hustahili kuwashiwa mfumo wake. Kazi nyepesi ya mara mojamoja, kama vile kufungua faili au kujaza fomu, hustahili mashine pepe, na hiyo ndiyo njia salama zaidi kwa familia yenye tarakilishi moja. Kwa vyovyote vile, kabla ya kuanza, nakala za kazi zote ziwekwe katika diski nyingine. Akiba haiozi.