Pampu ya maziwa: fuata njia ya maziwa kabla hujauliza bei

Safu hii leo inazungumza na mama ambaye likizo yake ya uzazi inakaribia kwisha. Inazungumza pia na mumewe, kwa sababu jambo lenyewe linataka fedha na subira ya wote wawili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 84 za likizo yenye malipo anapojifungua mtoto mmoja, na siku 100 anapojifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Siku 84 ni wiki 12 tu. Ikiwa mama alianza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua, kwa kuwa mimba ilikuwa imemwelemea, basi siku anaporudi kazini mtoto wake ana miezi miwili na siku kumi hivi. Na sisi watu wa afya tunamwambia mama huyo huyo asimpe mtoto kitu chochote, hata maji, isipokuwa maziwa yake mpaka atimize miezi sita. Wapi na wapi?

Katika pengo hilo ndimo linamoingia kopo la maziwa ya unga, au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, au uji mwepesi wa bibi. Kinachofuata tunakiona sana kliniki: mtoto anaharisha, macho yameingia ndani, uzito umeshuka, na mama analalamika kwamba maziwa yake yamekauka. Hayakukauka yenyewe. Ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa kutwa nzima, siku baada ya siku, mwili unapokea habari kwamba hakuna anayehitaji, nao unapunguza. Kwa hiyo mama anayekamua akiwa kazini anafanya mambo mawili kwa pamoja, anamwekea mtoto akiba na anailinda chemchemi yenyewe isifunge. Na wale wanaosema maziwa yakikamuliwa yatakwisha wamelishika jambo hili kinyumenyume.

Mwenyezi Mungu ametaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, katika Suratul Baqara aya ya 233. Wengi tumeihifadhi aya hiyo tangu chuoni. Lakini tunapoisoma tunamtazama mama peke yake, tunasahau kwamba aya hiyo hiyo imeweka chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha juu ya baba. Kwa maoni yangu, mume anayesikia mkewe anahitaji pampu asiulize kwanza kama ni lazima. Aulize ni ya namna gani.

Tuanze na ile isiyouzwa dukani, yaani mkono. Nawa kwa sabuni, kaa mahali ulipotulia, kanda ziwa taratibu. Weka kidole gumba upande wa juu na vidole viwili upande wa chini, nje kidogo ya duara jeusi linalozunguka chuchu. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, kisha vikutanishe kwa kubana, halafu achia. Usivute chuchu, na usiteleze na vidole juu ya ngozi. Dakika ya kwanza huenda pasitoke kitu, usikate tamaa, maziwa yanakuja. Pokea kwa kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Kila mama ajifunze njia hii hata kama atanunua pampu ya bei kubwa namna gani, kwa kuwa kuna siku umeme utakatika au vali itapasuka, na mtoto hajui habari za LUKU.

Tatizo la mkono ni muda. Kukamua maziwa yote mawili kwa mkono kunaweza kuchukua nusu saa. Mwalimu mwenye vipindi, muuguzi wa wodini, mhudumu wa benki mwenye foleni mbele yake, hawa hawana nusu saa mara tatu kwa siku. Hao ndio wanaohitaji pampu hasa.

Sasa tuingie dukani. Muuzaji atakuonyesha rangi, boksi na nguvu ya kuvuta. Wewe angalia kitu kimoja kwanza: maziwa yanapita wapi, na je, brashi yako inafika kila yanapopita? Kila mahali ambapo maziwa yanafika na mkono wako haufiki, patabaki tone, na tone hilo kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga ni shamba la bakteria. Ifungue pampu vipande vipande pale pale kaunta. Ikiwa haifunguki, rudisha.

Kwa kipimo hicho, ile pampu ya bei rahisi kuliko zote, yenye tufe la mpira la kuminya linalofanana na honi ya baiskeli za zamani, inaanguka mtihani mara moja. Maziwa huweza kurudi na kuingia ndani ya lile tufe, na ndani hapasafishiki. Tena huwezi kupima nguvu yake, inaweza kukuchubua chuchu. Inauzwa sana, na watu huipeleka kama zawadi ya mzazi. Mimi nasema isinunuliwe.

Inayofuata ni pampu ya mkono yenye mpini wa kubana. Hii kwa mama wengi ndiyo inayofaa. Haihitaji umeme, haina kelele, vipande vyake ni vichache na vyote vinachemshika. Ubaya wake ni kwamba kiganja huchoka, na inakamua ziwa moja kwa wakati. Kama kazi yako ni ya nusu siku, au unakamua mara moja au mbili tu, haina haja ya kutafuta nyingine.

Ya umeme inamfaa mama anayekuwa nje kutwa, siku tano au sita za wiki. Ikiwezekana chagua inayokamua maziwa yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa inamaliza kazi kwa dakika kama 15 hadi 20. Hakikisha inatumia pia betri au inachajiwa. Swali muhimu zaidi muulize muuzaji hili: kuna kizuizi kati ya maziwa na mashine? Katika pampu nyingine kuna utando wa mpira unaozuia maziwa na mvuke wake visipande kwenye mrija mpaka kwenye mota. Katika nyingine hakuna kizuizi, maziwa yakipanda mrijani yanaota ukungu mahali usipopaona. Mrija ukiwa na madoa au ukungu, utupe ununue mwingine. Usijaribu kuusafisha.

Hapo ndipo suala la pampu ya mtumba linapojibika. Dada yako amemaliza kunyonyesha, anakupa pampu yake. Nia yake ni njema na ana thawabu zake, lakini kama ni ya umeme na haina kile kizuizi, usiitumie. Maziwa ya mtu mwingine yanaweza kubaki ndani ya mashine, na katika maziwa vinaweza kupita virusi, vikiwemo vya Ukimwi. Hata yenye kizuizi, ikiwa imetengenezwa kwa matumizi ya mtu mmoja, mwenye tahadhari hununua yake. Na mama anayeishi na virusi vya Ukimwi asiache dawa zake, na mpango wa kunyonyesha na kukamua aupange na kliniki yake.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kipimo cha ile faneli inayokaa juu ya ziwa. Pampu nyingi huja na ya milimita 24 au karibu na hapo, na si kila mama inamfaa. Angalia wakati wa kukamua: chuchu iende na kurudi bila kusuguana na kuta za bomba, na lile duara jeusi lisivutwe ndani kwa wingi. Kukiuma, usiongeze nguvu, badilisha faneli. Kukamua hakutakiwi kuuma. Kina mama wengi wanaosema pampu imewashinda, ukichunguza, faneli ndiyo haikuwa yao.

Katika usafi sitaki kuwa mfupi. Mwaka 2016 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto njiti alipata maambukizi makali ya bakteria wanaoitwa Cronobacter, na bakteria hao walikutwa kwenye pampu ya mama yake na kwenye sinki la jikoni. Kwa hiyo usioshee vifaa hivi kwenye sinki, wala kwenye beseni la vyombo vya samaki. Nunua beseni dogo na brashi, viwe vya pampu tu. Kila baada ya kukamua, fungua vipande vyote vilivyogusa maziwa, suuza, osha kwa sabuni na maji ya moto kiasi, suuza tena kwa maji safi yanayotiririka, kisha vianike kwenye kitambaa kisafi vikauke vyenyewe. Usivifute kwa taulo la jikoni. Mara moja kwa siku vichemshe dakika tano, hasa mtoto akiwa chini ya miezi miwili, au njiti, au mgonjwa. Mota na mrija havichemshwi. Sisi ambao tumefundishwa tangu utotoni kwamba chombo kinaweza kuonekana safi na kisiwe safi, hili lisitupe shida kulielewa.

Maziwa kiasi gani? Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita hunywa wastani wa mililita 25 hadi 30 kwa kila saa anayokuwa mbali na mama. Ukitoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni, acha mililita 300 hadi 360. Hakuna haja ya kujaza friji nzima. Anza kukamua wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, mara moja kwa siku, alfajiri baada ya kunyonyesha, maana ndipo maziwa huwa mengi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje ya friji si zaidi ya saa nne, na siku ya joto kali usiyafikishe huko. Kwenye boksi la baridi lenye barafu hukaa saa 24, kwenye friji siku nne, nyuma kabisa na si mlangoni. Kwenye friza yanafaa mpaka miezi sita. Andika tarehe, tumia ya zamani kwanza. Usiyachemshe jikoni. Kiweke chombo ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi. Yaliyoyeyushwa hayarudi kwenye friza, na yale ambayo mtoto ameyabakisha humwagwa baada ya saa mbili. Mwelekeze dada wa kazi ampe mtoto kwa kikombe kidogo badala ya chupa. Kikombe ni rahisi kusafisha, na mtoto hasahau ziwa. Yatamwagika kidogo siku mbili za mwanzo, atazoea.

Kuna bibi ambao hawataki maziwa yaonekane na watu kwa kuogopa kijicho. Sibishani nao. Begi la baridi lisiloonyesha ndani linatosha kwa hofu hiyo, pamoja na dua zako za asubuhi na jioni.

Na kazini utakamulia wapi? Kifungu cha 33 cha sheria niliyoitaja kinamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Zungumza na mwajiri kabla likizo haijakwisha, kwa utulivu, ukiwa na ratiba mkononi: saa nne, saa saba, saa kumi. Usikamulie chooni, hutaandaa chakula cha mtoto pale. Tafuta chumba chenye komeo, stoo, hata chumba cha kuswalia cha wanawake mkikubaliana na wenzenu. Maziwa ya mama ni tohara, yakidondokea nguo hayazuii swala, na kuyakamua hakutengui udhu wala hakubatilishi saumu.

Limebaki la mwisho ambalo vitabu vya pampu havitalikuambia. Ofisi yenye kina mama watatu wanaonyonyesha ina friji moja na chupa tatu zinazofanana. Nyumba ya kulelea watoto ni hivyo hivyo. Kwa wanazuoni walio wengi, maziwa yanayonywewa kwa kikombe yanafanya undugu wa kunyonya sawa na yanayonyonywa, na kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, hilo linatimia kwa kunyonya mara tano zilizo mbalimbali ndani ya miaka miwili ya mtoto. Watoto hao watakuja kuwa kaka na dada, wasioweza kuoana, na wazazi wao huenda hata hawajuani. Basi bandika jina la mtoto na la mama kwenye kila chombo, kwa wino usiofutika na maji. Ikitokea yamechanganyika, mlezi asifiche. Aandike mtoto gani amekunywa ya nani, tarehe na mara ngapi, familia zote mbili zijulishwe, kisha karatasi hiyo ipelekwe kwa sheikh mwenye elimu ya fiqhi, na nakala nyingine ibaki nyumbani pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.