Shoka lililokwenda vitani na mbung'o

Pale Usagara, barabara ya kutoka Mwanza inapogawanyika, moja ikishika njia ya Shinyanga na nyingine ikielekea Kigongo na Sengerema, si ajabu kupishana na mchungaji mwenye shoka begani. Mpini mrefu, bapa dogo. Litazame vizuri: tofauti na shoka la dukani, hapa chuma ndicho kilichotoboa mti. Mhunzi hulifua bapa likawa na ncha ndefu kwa nyuma, ncha hiyo ikapenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini, na kila pigo likazidi kuikaza. Linapotakiwa kunolewa linagongwa kwa nyuma, linachomoka. Likirudishwa kwa kulazwa upande, limekuwa tezo. Siku hizi chuma chenyewe mara nyingi ni springi ya lori kuukuu.

Ulaya ya zama za kati, shoka la mpini mrefu lilikuwa silaha. Kwenye vita vya Hastings, mwaka 1066, walinzi wa Harold, mfalme wa Uingereza, walilishika kwa mikono miwili. Usukuma nako, nchi hii ya Mwanza na Shinyanga, lilikwenda vitani, ila adui alikuwa mbung'o, inzi anayeambukiza malale kwa watu na ng'ombe.

Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imemaliza ng'ombe. Bila ng'ombe wa kuyala, malisho yakageuka vichaka, na mbung'o wakaja na vichaka. Katika miaka ya 1920, Charles Swynnerton, mtaalamu wa serikali ya kikoloni aliyeweka makao Shinyanga, alishikilia kwamba mbung'o akikosa kivuli hakai. Watemi, yaani machifu wa Kisukuma, wakaitisha watu, maelfu wakatoka na mashoka yao, wakafyeka. Vitabu vinamtaja Swynnerton; waliokata miti, ambao kwa maoni yangu ndio walioshinda vita ile, hawatajwi hata kwa jina moja.

Mbung'o walirudi nyuma. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikalimwa, na ufyekaji haukukoma. Baada ya miongo michache sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa uwanda mtupu, hata kuni ni shida. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, iliyofufua ngitili, yaani eneo la malisho ambalo Wasukuma tangu zamani hulifunga kwa ajili ya kiangazi.

Kwenye nembo ya taifa la Tanzania shoka bado limepishana na jembe. Kwenye ngitili lina masharti: anayekata mti bila ruhusa huitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, huhakikisha faini imelipwa.