Bastola ya bei nafuu na gharama zisizoonekana

Ndugu zetu walioko Marekani wanaotaka bastola ya bei nafuu ya kubeba chini ya nguo, pale sheria ya jimbo inaporuhusu, mara nyingi huonyeshwa Taurus G2C. Kampuni ni ya Brazil, risasi ni za milimita 9, magazini yachukua 12. Ni fupi na haitokezi chini ya shati.

Ila bei ya dukani si gharama yote. Ala, kwa mfano: ile ya kitambaa kilegevu, ncha ya shati ikiingia yaweza kuvuta kifyatulio. Nunua ngumu, inayofunika kifyatulio chote. Kisha risasi za mazoezi, na hapo ndipo pesa huisha. Bastola ndogo hurusha mkono. Asiyeizoea hukosa shabaha hata karibu. Ifyatue kwanza mara mia kadhaa, zikiwemo risasi zile zile utakazobeba. Ikikwama kwama, usiitegemee.

Na ukija likizo Mombasa, pekua mkoba. Kenya, hata risasi moja iliyosahaulika bila cheti cha silaha ni kosa la jinai.