Bei ya Lango: Nyumba za Mapumziko za Matajiri na Suala la Ardhi katika Kisiwa cha Hilton Head

Katika semina za makada swali moja hurudi mara kwa mara. Ikiwa tajiri ananunua nyumba ya pili ya kupumzikia pwani, kwa fedha zake mwenyewe, kutoka kwa mwuzaji aliyekubali kuuza, unyonyaji uko wapi? Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeibiwa, na mwuzaji ametia saini. Swali hili ni zuri, na kulijibu kwa kaulimbiu tu ni kumdharau aliyeuliza. Katika makala hii tutalijibu kwa kuchunguza mahali pamoja, kisiwa cha Hilton Head huko Marekani, kwa sababu mtindo wa kujenga makazi ya mapumziko yaliyozungushiwa uzio na lango ulikuzwa sana hapo, na baadaye ukaigwa sehemu nyingi.

Hilton Head ni kisiwa cha pwani ya jimbo la South Carolina, chenye urefu wa maili 12 hivi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 kilikuwa kisiwa cha mashamba makubwa ya pamba yaliyolimwa na watumwa. Tarehe 7 Novemba, 1861 manowari za Serikali ya Kaskazini zilizishinda ngome za Kusini katika mlango wa bahari wa Port Royal. Mabwana wakakimbia, watumwa wakabaki. Mwaka uliofuata kikaanzishwa hapo kijiji cha Mitchelville, kilichopewa jina la Jenerali Ormsby Mitchel, ambako watu waliotoka utumwani walichagua viongozi wao wenyewe na kuweka sheria ya kulazimisha watoto kwenda shule. Wengi walidunduliza ujira wao wakanunua ardhi. Wajukuu wao ndio wanaoitwa Wagullah. Asili yao ni Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo na Angola, nao wana lugha yao iliyozaliwa kwa kuchanganya Kiingereza na lugha za Kiafrika. Kwa karibu miaka 90 waliishi kwa kilimo, uvuvi, kuokota chaza na kusuka vikapu. Daraja halikuwapo. Umaskini ulikuwapo, lakini kila ukoo ulikuwa na mahali pa kulima na mahali pa kuzikana.

Hapa tuwe waangalifu, kwa maana makada wengi hukosea. Mabepari walioanzisha makazi ya mapumziko hawakuanza kwa kuwanyang'anya Wagullah ardhi. Sehemu kubwa ya kusini ya kisiwa ilikuwa tayari mikononi mwa matajiri wa kaskazini waliokuja kuwinda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kundi la wafanya biashara ya mbao kutoka jimbo jirani la Georgia lilianza kununua maelfu ya ekari kwa ajili ya misonobari. Umeme ulifika mwaka 1951 kupitia ushirika wa umeme wa vijijini. Kivuko cha magari kilianza mwaka 1953, na daraja likafunguliwa mwaka 1956. Ndipo Charles Fraser, kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Yale na ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wenye kampuni ya mbao, akatambua kwamba ardhi ile ingeleta faida kubwa zaidi ikiwa miti haitakatwa. Akaanzisha makazi ya Sea Pines.

Je, Fraser aliuza nini? Tukisema aliuza nyumba tutakuwa hatujaelewa. Mbao, matofali, saruji na kazi ya fundi hugharimu karibu sawa katika kisiwa hiki na katika mji wa wafanyakazi ng'ambo ya daraja. Lakini kiwanja kinachotazama bahari, au kinachotazama kiwanja cha gofu, huuzwa kwa bei isiyolingana kabisa na kazi iliyotiwa ndani yake. Hapa Marx hutusaidia. Katika juzuu ya tatu ya Kapitali alieleza mfano wa shamba la mizabibu linalotoa mvinyo wa pekee: bei ya mvinyo ule haipangwi na gharama ya kuutengeneza, inapangwa na hamu na uwezo wa wanunuzi, na ziada yote humwendea mwenye kumiliki kipande kile cha ardhi. Hilo ni pato la ukiritimba. Bahari na mchanga havitengenezwi tena na kiwanda chochote, na anayeweza kuwazuia wengine visiwafikie anaweza kudai malipo kwa kuwaruhusu wachache.

Kwa hiyo bidhaa yenyewe ni kuzuia. Kiwanja cha gofu cha Harbour Town, kilichofunguliwa mwaka 1969, hakikujengwa kwa ajili ya mchezo peke yake. Kiliongeza idadi ya viwanja ambavyo mwenye navyo angehakikishiwa kwamba hakuna mtu atakayejenga mbele yake. Hati za mauzo zilimfunga kila mnunuzi kwa masharti juu ya ramani ya nyumba, miti na hata rangi ya kuta, ili jirani mmoja asishushe bei ya mwenzake. Halafu likawekwa lango lenye walinzi, na mgeni asiye mkazi hulipa ada kuingia na gari lake. (Tusimnyime mtu haki yake: Fraser alihifadhi msitu mkubwa katikati ya Sea Pines, na nyumba zake hazikuvimba juu ya mchanga kama ilivyo kwingineko. Lakini mti uliohifadhiwa nyuma ya lango ni sehemu ya bei.) Na makazi mengi yaliyofuata yakajiita kwa neno la Kiingereza lile lile walilotumia mabwana wa watumwa kwa mashamba yao: Hilton Head Plantation, Port Royal Plantation. Kwa mnunuzi jina hilo lilileta picha ya starehe ya zamani. Mgullah aliyelisoma langoni alikumbuka jambo jingine.

Sasa tutazame nani hasa huumba thamani inayolipwa. Mwaka 1969 kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani Magharibi ilitangaza mpango wa kujenga kiwanda Victoria Bluff, bara, karibu na kisiwa. Watu weusi wengine wa wilaya hiyo walikitaka kwa ajili ya kazi, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini wavuvi weusi waliokuwa na ushirika wao wa kuvua kamba waliona kwamba maji yakichafuka wamekwisha, wakasimama upande mmoja na wenye makampuni ya makazi. Mwaka 1970 mashua ya ushirika, Captain Dave, ilisafiri hadi Washington kupeleka malalamiko yao. Kampuni ikauacha mpango. Maji yakabaki safi. Mvuvi alipata haki ya kuendelea kuvua. Mwenye ardhi je? Alipata maji safi kama alivyopata mvuvi, na juu yake akapata bei ya kila kiwanja kinachotazama maji hayo. Jasho la mapambano lilikuwa la wote, lakini matunda yake yaliingia katika hati za wachache. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa daraja, umeme na barabara.

Bei hiyo ikishapanda haikai nyuma ya lango. Inatoka nje na kumfuata jirani. Kodi ya ardhi na majengo hukadiriwa kwa thamani ya soko, na thamani ya soko ya shamba la viazi la Mgullah hupangwa na kile ambacho tajiri wa mbali yuko tayari kulipa kwa shamba la jirani. Sheria ya South Carolina humpa nafuu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe: nyumba hiyo hukadiriwa kwa asilimia 4 ya thamani, na nyumba ya pili kwa asilimia 6. Lakini ardhi tupu ya ukoo, isiyo na nyumba ya mwenyewe na isiyolimwa kwa biashara, haihesabiwi katika nafuu hiyo. Basi mtu ambaye hajauza kitu, hajapandishwa mshahara, na hajabadili matumizi ya ardhi yake hata kwa shubiri moja, hutajirika katika karatasi na kufilisika mkononi. Asipolipa, ardhi hupigwa mnada na wilaya.

Njia ya pili ni ya warithi, na hii tunawaomba wanafunzi waisome polepole. Tuchukue mfano. Babu alinunua ekari 10 baada ya ukombozi, akafa bila wosia ulioandikwa, kwa kuwa hakuziamini mahakama za mabwana na alikuwa na sababu. Ardhi inakuwa ya watoto wote kwa pamoja, kisha ya wajukuu wote, na baada ya vizazi vinne warithi ni 60. Hakuna mwenye pembe yake. Kila mmoja ana sehemu moja ya 60 katika kila shubiri. Mrithi mmoja aliyehamia kaskazini, ambaye pengine hajapata kuiona ardhi, anauza sehemu yake kwa kampuni kwa fedha kidogo. Siku hiyo kampuni imekuwa ndugu wa ukoo mbele ya sheria. Inakwenda mahakamani kudai mgawanyo. Hakimu anaona ekari 10 haziwezi kukatwa vipande 60 vyenye maana, anaamuru ziuzwe zote. Mnadani mwenye fedha taslimu ni nani? Warithi 59 wanagawana kilichobaki baada ya gharama za mawakili. Hakuna aliyepigwa, na saini zote zipo.

Tazama jinsi umiliki wa pamoja, ambao kwa Wagullah ulikuwa kinga dhidi ya njaa, ulivyogeuzwa kuwa tundu la kuingilia adui. Kosa halikuwa umoja wao. Umoja huo uliwekwa ndani ya sheria inayojua mtu mmoja mmoja na soko tu.

Yako makaburi ya Wagullah ambayo leo yamo ndani ya malango. Moja, la Braddock's Point, liko Harbour Town penyewe, limezungukwa na nyumba za mapumziko. Wajukuu walilazimika kupita kwa mlinzi ili kuzuru kaburi la bibi yao. Na wengi wao hupita lango hilo hilo kila siku kwa sababu nyingine: kutandika vitanda, kufua mashuka, kukata nyasi. Mvuvi na mkulima mwenye ardhi amegeuka kuwa mwuza nguvu zake. Wafanyakazi wengine huletwa kwa mabasi kutoka wilaya maskini za bara, mwendo wa saa kadhaa kwenda na kurudi, kwa sababu mshahara wa kisiwani hautoshi kupanga chumba kisiwani.

Mabepari wenyewe hawakuwa salama katika mchezo huu. Mdororo wa katikati ya miaka ya 1970 uliitikisa Sea Pines, na miaka ya 1980 ikaishuhudia ikibadili mikono. Kisha ukaja ujanja wa kuuza nyumba moja kwa wiki: mwaka una wiki 52, kwa hiyo chumba kimoja kikapata wanunuzi wengi, kila mmoja akibeba ada ya matunzo ya kila mwaka. Kampuni ya Marriott iliingia katika biashara hiyo mwaka 1984 kwa kuanzia hapo hapo Hilton Head. Karani anayenunua wiki moja hudhani ameingia katika tabaka la wenye nyumba. Ameingia katika orodha ya wanaodaiwa.

Kwetu, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, kwa kuelewa kwamba mwenye nyumba ya ziada huanza kupiga kura kama mwenye nyumba. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1991. Lakini sheria za ardhi za mwaka 1999 za Tanzania Bara ziliendelea kuiweka ardhi yote kuwa ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Zanzibar, ambako tangu 2010 ipo sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, miradi ya nyumba za pwani huuziwa pia wasio raia. Kada anayefanya kazi katika kijiji cha pwani ana wajibu wa kuuliza, kabla ya kusifu uwekezaji, njia ya wavuvi kwenda majini itapita wapi na makaburi yatakuwa upande gani wa ukuta.

Huko South Carolina kwenyewe mapambano hayajakwisha. Sheria ya warithi ilirekebishwa mwaka 2016, ikaanza kutumika mwanzoni mwa 2017, nayo hubeba jina la Clementa Pinckney, seneta na mchungaji aliyeuawa kanisani Charleston mwezi Juni 2015. Sasa lazima thamani ya ardhi ikadiriwe, na warithi wengine hupewa kwanza nafasi ya kuinunua sehemu ya anayetaka iuzwe. Kisiwa jirani cha St. Helena, chenye historia ile ile, kilichukua hatua mapema zaidi: tangu 1999 kanuni za wilaya zinakataza huko makazi yenye malango na viwanja vya gofu. Mwaka 2023 mfanya biashara mmoja aliomba kanuni hiyo ilegezwe ili ajenge kiwanja cha gofu. Wagullah walijaza vikao vya halmashauri kuipinga, na halmashauri ikakataa. Lakini kanuni haimlipii mtu kodi. Kila mwaka, kabla ya mnada wa wilaya, watu wa huko huchangishana fedha, hupitia orodha ya wadaiwa jina kwa jina, na kwenda kuikomboa ardhi ya jirani kabla kengele haijapigwa.