Kwa Nini Beseni Hutengenezeka na Mkono wa Sufuria Hautengenezeki

Yuko jirani yangu mmoja, mama mwenye bidii, ambaye beseni lake la plastiki lilipasuka. Mwanawe alitia kisu motoni, akakipitisha juu ya ule ufa, na plastiki ikayeyuka ikashikana tena. Siku chache baadaye mkono mweusi wa sufuria ulivunjika, naye kijana akajaribu kuutengeneza kwa njia ile ile. Lakini mara hii kisu hakikufaa kitu. Mkono haukuyeyuka hata kidogo, bali uliungua, ukatoa harufu kali, ukageuka makaa. Ndipo akaja kuniuliza, "Mzee, je, vitu hivi vyote viwili si plastiki?"

Swali lake ni jema, na jibu lake lafaa kujulikana na kila mwenye nyumba.

Plastiki zote ni za jamii ya vitu viitwavyo polima. Polima ni mnyororo mrefu mno wa visehemu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoungana kimoja na kingine kama shanga katika uzi mmoja. Msifikiri ya kuwa ni jambo geni. Pamba, mkonge, mbao, mpira utokao mtini, hata wanga wa unga tunaosongea ugali, vyote ni polima zilizoumbwa bila kiwanda. Mjerumani Hermann Staudinger alieleza habari za minyororo hii mwaka 1920, na wataalamu wengi wakamkatalia. Lakini ukweli ulikuwa wake, na mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel.

Polima tunayoiona kila siku ni polithini. Iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakiijaribu gesi ya ethilini kwa mgandamizo mkubwa sana, wakakuta ndani ya chombo masalio meupe mfano wa nta. Kila kisehemu cha ethilini kina atomu 2 za kaboni na 4 za haidrojeni. Visehemu hivyo viliungana kwa maelfu, na gesi ikawa kitu kigumu.

Tazameni jinsi umbo la mnyororo linavyobadili kazi ya kitu. Mnyororo wa polithini ukiwa na matawi mengi, hauwezi kulala karibu na mwenzake, kama vile kuni zenye matawi zisivyofungika vema katika mzigo. Polithini ya namna hiyo huwa laini, nayo hufanywa karatasi nyembamba za kufungia vitu. Lakini minyororo ikinyooka, hubanana kama fito zilizochongwa, na polithini hiyo huwa ngumu. Ndiyo ifanywayo mitungi ya kuchotea maji.

Sasa turudi kwa yule kijana. Katika beseni, minyororo imelala pamoja tu bila kufungwa. Ikipata moto huteleza, na plastiki huyeyuka. Ikipoa hutulia, na plastiki hukaza. Katika mkono wa sufuria, minyororo imefungwa mmoja na mwingine kwa vifundo vingi pande zote, mfano wa wavu wa mvuvi. Wavu huo hauwezi kuteleza; moto ukizidi, hukatika na kuungua. Plastiki ya kwanza ya namna hiyo ni bakelaiti, aliyoitengeneza Leo Baekeland huko Marekani mwaka 1907. Basi ile isiyotengenezeka ndiyo ifaayo kukaa karibu na moto.

Gurudumu la motokaa nalo ni vivyo hivyo. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua ya kuwa mpira ukipashwa moto pamoja na kiberiti, yaani salfa, haunati tena wakati wa joto. Salfa ndiyo inayoifunga minyororo ya mpira. Kwa sababu hiyo fundi wa akala hayeyushi gurudumu, bali hulikata kwa kisu.

Chini ya vyombo vingi pana alama ya pembe tatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za soda na maji. Usitie chai ya moto humo, kwani hulegea na kujikunja kabla ya kiwango cha maji kuchemka. Namba 2 ni polithini ngumu ya mitungi, na namba 4 ni ile laini. Namba 3 ni PVC ya mabomba. Namba 5 ni polipropilini, ambayo hustahimili joto zaidi kuliko polithini. Kama alama imefutika, kata kipande kidogo ukitie majini: polithini na polipropilini huelea, lakini PVC na plastiki ya chupa za soda huzama.

Yako mambo mawili ya hatari. Kwanza, usichome plastiki uani. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini, nayo ikiungua hutoa moshi wa asidi uumizao mapafu, pamoja na sumu nyingine. Pili, mtungi uliotiwa dawa ya kuua wadudu usichotee maji kamwe, hata ukiuosha mara kumi. Dawa hupenya katikati ya minyororo, kisha hutoka polepole na kuingia katika maji mnayokunywa.

Tena minyororo hii haiozi upesi. Mfuko uliotumika saa moja waweza kukaa miaka mingi katika mtaro au katika tumbo la ng'ombe. Ndiyo sababu Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti, 2017. Lakini kile kinachoyeyuka chaweza kufanyiwa kazi tena. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliyeyusha plastiki zilizotupwa, wakafanya mbao na kuunda jahazi liitwalo Flipflopi. Ubavuni waliligandika vipande vya ndara zilizookotwa pwani, na mwaka 2019 lilisafiri mpaka Unguja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutupa chombo au kukitia motoni, kigeuze kwanza uangalie alama yake. Yule kijana sasa hufanya hivyo. Mkono wa sufuria ya mama yake ameufanya kwa mti.